Maswali ya betri: asidi tena, chumba cha kulala tena

Fundi, maji ya betri yakipungua naongeza asidi kiasi gani? (Dereva wa taksi, Ndosho)

Hata tone usiongeze. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani, na ukiizidisha inakula mabamba ya risasi. Tia maji ya chupa iliyoandikwa «eau distillée», yaani maji yaliyokenekwa. Ya bomba hapana, na ya ziwani ndiyo mabaya kabisa, maana Kivu limejaa chumvi za madini. Soma chupa kabla ya kulipa, kwa sababu «acide» nayo inauzwa katika chupa za namna ileile. Ongeza baada ya kuchaji, isipokuwa mabamba yakiwa wazi: hapo yafunike kwanza, kisha chaji. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 nzima, ndipo ukimbie hospitali.

Nikitoa betri naanza na waya gani?

Hasi. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Umeme ukikatika tunawasha televisheni kwa betri ya gari. Usiku naichaji chumbani watoto wakiwa wamelala. Mbona haimalizi mwaka? (Mama wa Himbi)

Mama, betri ya gari imetengenezwa kusukuma stata kwa sekunde chache. Mabamba yake ni membamba; ukiinyonya hadi mwisho kila usiku, inakufa. Nunua ya sola.

Lakini hilo la chumbani ndilo limenishtua. Itoe leo. Sisi wa Goma tumelelewa tukiogopa mazuku, hewa nzito inayolala mabondeni. Hii ya betri inakwenda kinyume: haidrojeni ni nyepesi, inapanda na kujikusanya chini ya dari, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kuacha mlango wazi kidogo hakukuokoi. Chaji barazani, mbali na jiko la makala, na uzime chaja kabla ya kugusa vibano.

Betri ya moto (pikipiki) yangu imerudi kutoka kuchajiwa ikiwa imevimba. (Motari, Majengo)

Wameipika kwa chaja ya lori. Hesabu ni moja ya kumi: betri ya ampea-saa 60 inachajiwa kwa ampea 6, yako ya 7 kwa ampea 0.7, taratibu, saa nyingi. Anayekuahidi nusu saa, angalia kama hauzi pia betri mpya. Hiyo iliyovimba usiichaji tena.

Nitajuaje imejaa?

Iache ipumzike saa chache, pima. Volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.0 imekwisha, na ukiiacha hivyo wiki kadhaa salfeti, chumvi ya risasi, inaganda kwenye mabamba. Pima pia injini ikinguruma: usipopata kati ya 13.8 na 14.5, acha kuilaumu betri, tazama altaneta, mashine inayoichaji injini ikiwaka.

Jirani anayeyusha risasi ya betri kuukuu uani. Moshi una madhara? (Keshero)

Una madhara makubwa, na vumbi linalobaki ardhini vilevile. Thiaroye-sur-Mer, huko Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye betri za namna hiyo. Watoto wasicheze uani hapo hata siku ambayo hakuwasha moto, na shauri hilo lipeleke kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa wenu. Ya kwako iliyokufa iuze nzima, asidi ikiwa ndani. Mnunuzi akikuambia uimwage kwanza mtaroni, tafuta mwingine.