Glezi yangu imetoka kahawia tupu

SWALI: Shikamoo mama. Ninafinyanga mitungi midogo ya maua na kuichoma kwenye tanuri la umeme la rafiki yangu. Nilinunua glezi (mpako wa vyungu unaogeuka kioo ukichomwa) ya moto mdogo, ile inayobadilika rangi motoni. Picha ya kopo inaonyesha samawati ikitiririka juu ya kahawia. Mtungi wa kwanza umetoka kahawia tupu. Wa pili niliupaka sana, ukagandia kwenye rafu ya tanuri. Nimekosea wapi? Na bakuli la mboga naweza kulipaka? — N., Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Wa kwanza uliunyima glezi, wa pili ukaupaka mpaka kitakoni.

Glezi hii si kama rangi ya ukuta. Ina madini, kama shaba, chuma na kobalti, na rangi hujitokeza pale inapoyeyuka kama kioo na kuanza kuteremka. Ikiwa nyembamba haitembei. Ikiwa nene huikimbia midomo na kingo, ikazibakiza kahawia, kisha ikajaa kwenye mabonde na kugeuka samawati. Ndiyo maana mtungi laini kama yai hauifai. Udongo ukiwa bado mbichi kidogo, pitisha meno ya kitana au kandamiza kamba ya katani. Niliwahi kushika kigae cha mtungi wa zamani ulioletwa pwani yetu kutoka Ghuba ya Uajemi: kwenye mchirizo glezi ilikuwa nzito, ya kijani cha bahari, na juu ya tuta karibu imekwisha. Kijani kile ni shaba.

Mimi napaka mikono mitatu, yaani mara tatu, kwa brashi laini, na kila mkono nausubiri ukauke. Wa tatu unaishia begani, kwa sababu utashuka wenyewe. Chini naacha upana wa kidole gumba bila kitu, na kitako nakifuta kwa sponji. Rafu nayo naipaka uji wa kaolini (udongo mweupe) na alumina (unga usioyeyuka motoni), ili glezi ikichuruzika isigandie. Siku moja niliona uvivu kuipaka. Mtungi niliomfinyangia mpwa wangu kwa harusi yake niliubandua kwa patasi, ukatoka vipande vitatu pamoja na ngozi ya rafu. Iliniuma sana.

Kuhusu moto: udongo mtupu uchome kwanza hadi koni 04 (koni ni kipimo cha joto la tanuri), kama nyuzi 1,060 za Selsiasi, kisha glezi koni 06, kama nyuzi 1,000, isipokuwa kopo liseme vingine. Ukizidisha, glezi inakuwa maji. Usijaribu kwenye moto wa wazi wa kuni, ule wa kina mama wafinyanzi wa kabila la Kisi kule Kyela. Unavifaa sana vyungu vyao, lakini kwa glezi joto halitoshi, na majivu yatanasa.

Bakuli la mboga, hapana. Udongo wa moto mdogo hubaki na vitundu, glezi hupata nyufa nyembamba, na ndimu au ukwaju unaweza kuyachuja madini yakaingia kwenye chakula. Ukitaka bakuli, ndani tumia glezi angavu ambayo kopo lake limeandikwa kuwa ni salama kwa chakula, na hii ibaki nje, mbali na mdomo.

Kabla ya mtungi mwingine, kata vigae vitatu vya majaribio kwa udongo mbichi, vyenye michirizo, uchonge namba mgongoni. Vikishachomwa mara ya kwanza, kimoja kipake mkono mmoja, cha pili miwili, cha tatu mitatu. Vichome vikiwa vimesimama, kwani kikilala hutaona glezi inavyoshuka.