Akili mnemba ofisi za umma: niliyoyaona nikiwa mezani steshenari

Wakuu, mleta uzi kauliza kama serikali ikiingiza akili mnemba kwenye huduma zake foleni zitaisha. Naona wengi mmejibu "hata kesho ianze". Mimi nina steshenari Tanga, mwaka wa tisa huu, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu kwenye mifumo: mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa, leseni za biashara, namba za malipo. Foleni mnayoisema, nusu yake inakaa kwenye benchi langu.

Mwaka juzi alikuja bibi mmoja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Karatasi zote anazo, kazifunga kwenye pindo la kanga: cheti cha kifo, fomu za mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, barua ya serikali ya mtaa. Tatizo ni moja. Huku Khamis, kule Hamisi. Mfumo ukagoma: taarifa hazilingani. Ofisi husika ilikuwa na kile kidirisha cha kuchati kinachojibu chenyewe, nikasema tujaribu. Nikaandika kama alivyonena bibi: "Mume wangu amefariki, jina lake limekosewa." Kikanipa, kwa adabu kabisa, hatua za kusajili kifo. Nikabadilisha maneno. Kikaniambia nihakikishe taarifa zinalingana. Mara ya tatu jibu lile lile, na kikatuni cha tabasamu juu yake.

Bibi akauliza, "Mwanangu, huyo unayeandikiana naye hajui kama Khamis na Hamisi ni mmoja?"

"Bibi, huyu si mtu."

Akanyamaza kidogo. "Basi mwambie aniitie mtu."

Nilitafuta pa kubonyeza ili niitiwe mtu. Hapakuwepo.

Tukaishia dirishani. Mama wa makamo akazitazama karatasi hata dakika mbili hazikufika, akasema nendeni kwa wakili mkaape, leteni hati ya kiapo cha majina. Ikapelekwa, ikapita. Yule mama hakuwa na akili kuliko kompyuta. Alikuwa na mamlaka ya kusema "hili nalipitisha mimi", na saini yake ikabaki kwenye jalada.

Sasa msinielewe vibaya, siipingi. Niliwahi kusimama kizimbani kutoa ushahidi enzi hakimu anaandika kila neno kwa mkono. Unasema sentensi moja, unasubiri kalamu imalize. Ukirudi kwenye hoja umeshasahau ulikuwa wapi. Leo Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa akili mnemba wa kunukuu mwenendo wa shauri na kutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Hiyo naipigia makofi. Mashine inaandika, lakini hakimu yupo, anasikia, na hukumu ni yake.

Kinachonitisha ni kilichotokea Uholanzi. Mamlaka ya kodi kule ilitumia mfumo wa kuchambua ni wazazi gani "wana hatari" ya kudanganya kwenye ruzuku ya malezi ya watoto, na uraia ulikuwa mojawapo ya vigezo. Maelfu ya familia wakadaiwa kurudisha fedha, wengine makumi ya maelfu ya euro, kwa sababu ya saini iliyosahaulika au kosa dogo la fomu. Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu. Na hiyo ni nchi ambayo kumbukumbu zake zimenyooka, siyo hizi zetu ambazo karani wa zamani aliandika jina kama lilivyomwingia sikioni.

Jambo ambalo wengi hapa hawalijui: Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kutaka uamuzi unaokugusa sana usifanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo mfumo ukikukataa, usiishie kwenye kuchati. Piga picha ya skrini, chapa, andika barua ya kuomba mtumishi alipitie upya, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Mimi siku hizi nafanya hivyo kwa kila mteja anayekwama, na barua yenyewe simtozi.

Bibi alilipwa. Alipita dukani na mkungu wa ndizi, akachungulia kompyuta, akaniuliza kama yule kijana mkaidi bado yumo.