Tumbo kujaa gesi kila siku: kabla hujaacha vyakula vyote soma hapa

Mkuu, umesema tumbo linajaa gesi kila ukishakula, umepima vidonda hamna kitu, na sasa unataka uache maziwa, ngano, maharage, mayai na karanga kwa mkupuo. Mimi hiyo njia nimeipitia hapahapa Dodoma na imenisaidia kweli, ila kuacha ndo kazi ndogo, kazi ipo kwenye kurudisha.

Kabla hujagusa ngano nenda kapime damu ugonjwa wa seliaki, ule ambao ukila ngano kinga ya mwili inashambulia utumbo wako mwenyewe, maana ukishaacha ngano kwa muda kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Na kama kuna chakula ukikila midomo inavimba au pumzi inabana, hiyo ni aleji, usijaribu nyumbani kabisa, nenda hospitali.

Chakula cha kula huku kwetu kipo. Ugali wa mtama au uwele hauna ngano, wali upo, viazi, kuku wa kienyeji. Mimi nilikuwa nanunua mtama mzima sokoni Majengo nasagisha mwenyewe, unga wa kupimiwa huwezi jua umechanganywa na nini. Uangalie vile vya kujificha, mfano mlenda wengi wanaunga karanga, soseji nyingi zina ngano au soya, kwahiyo kwa mama ntilie uliza bila aibu.

Wiki 2 mpaka 4 kwa wengi zinatosha, tumbo lisipobadilika ujue shida sio hivyo vyakula, rudi kwa daktari. Likitulia anza kurudisha kimoja kimoja, siku ya kwanza kidogo, kesho yake ongeza, unaangalia kama siku 3 ndo uhamie kingine, na uandike kwenye daftari ulichokula na tumbo lilivyokuwa, usitegemee kichwa. Mimi ngano nilirudisha nikala chapati asubuhi na jioni, kimya. Mayai kimya. Maziwa fresh glasi moja tu jioni, kabla sijalala tumbo limekaza kama ngoma, linaunguruma mpaka wife anasikia. Ila mtindi nakunywa vizuri tu, kwasababu wale bakteria wanaogandisha maziwa wanakuwa wameshakula sehemu ya ile sukari yake, laktosi, ambayo tumbo langu halimudu.

Sasa ona, ningeishia kwenye kuacha tu, mpaka leo ningekuwa najinyima chapati na mayai bure. Hiyo inaniuma sana nikiona watu wanakaa mwaka mzima na mlo wa kubana hivyo, tena wengine wanawabana na watoto. Mtoto au mjamzito asifanye hii bila mtu wa lishe hospitali.

Maharage nayo usiyahukumu haraka, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mengine, gesi inapungua. Na usianze wiki yenye sendoff au msiba, maana huko utakula kilichopo.