Mstari umelala kwenye EEG, ndo ubongo umekufa?

SWALI: Habari za kazi dokta. Shemeji yangu alipata ajali ya pikipiki akaumia kichwa, yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia. Walimbandika waya kichwani wakatuambia mawimbi ya ubongo yapo ila ya polepole, hiyo ni koma. Mgonjwa wa kitanda cha pili nae kalala vilevile, kifua kinapanda na kushuka, ila ndugu zake wameambiwa ubongo umekufa. Wanatofautishaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana dada, Mungu amjalie shemeji nafuu. Kwa macho huwezi kuona tofauti maana hicho kifua kinasukumwa na mashine. Kipimo alichofanyiwa kinaitwa EEG, Mjerumani Hans Berger ndo wa kwanza kurekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924. Mtu wa koma mara nyingi mawimbi yake ni ya polepole, hata chini ya 4 kwa sekunde, wakati mtu mwenye afya aliyefumba macho bila kulala ana 8 hadi 13, na wapo ambao ukiwaita au ukiwafinya mawimbi yanabadilika, hiyo sisi tunaifurahia sana. Ubongo ukifa wanarekodi dakika 30 au zaidi na hakuna wimbi linalozidi maikrovolti 2 (umeme mdogo sana), yaani mstari umelala.

Ila jamani, mstari kulala peke yake hautoshi! Dawa kali za usingizi kama barbitureti, au mwili kupoa sana, vinaweza kuulaza mstari na mtu akaja kuamka. Halafu EEG inasikia ubongo wa juu tu, shina la ubongo linaloendesha kupumua hailioni vizuri, kwa hiyo lazima wamulike mboni, waguse jicho, wamwage maji baridi sikioni, wamtoe kwenye mashine huku anapewa oksijeni waone kama atavuta pumzi mwenyewe. Japani wanataka EEG iwe imelala na vipimo virudiwe baada ya masaa 6 au zaidi, Uingereza EEG sio lazima.

Kuna shida nyingine pia, ICU imejaa umeme, pampu za dawa na hata moyo wa mgonjwa vinachora vimistari ukadhani ni wimbi. Watafiti wa Japani na China wamejaribu kuvichuja hivyo vimistari vya uongo kwa kompyuta, kazi nzuri, ila mi bado namtaka daktari pale kitandani.

Hao ndugu wa kitanda cha pili wamuulize daktari bila woga: dawa za usingizi zilisimamishwa lini, joto la mwili lilikuwa ngapi, kipimo cha kupumua kimefanyika? Na nyie ombeni EEG ya shemeji irudiwe, moja haitoshi kujua anaelekea wapi.