Brosha ya kamera isomwe kuanzia ukurasa wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama brosha za karatasi bado zina maana kwa anayenunua kamera, ilhali kila kitu kiko kwenye simu. Nasema zina maana, na kwa sisi wa Dodoma zina maana zaidi, kwa kuwa wapigapicha wengi huku hununua kamera iliyokwishatumika, ya toleo ambalo mtengenezaji ameshaliacha. Ila brosha isomwe kinyumenyume: kazi ianzie kwenye jedwali la vipimo na yale maandishi madogo yenye kinyota.

Kurasa za mbele ni za picha, na picha hizo hazithibitishi kitu. Ukurasa wa A4 unaochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli (yaani nukta milioni za picha) 8.7 tu. Kamera ya megapikseli 24 na ya megapikseli 45 zote hupunguzwa hadi hapo kabla wino haujagusa karatasi. Anayezilinganisha kwa picha za brosha analinganisha wapigapicha na taa zao.

Njoo kwenye jedwali. Tuchukue Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012. Betri yake, LP-E6, imeandikiwa picha 950 hivi ukitazama kwa jicho kwenye tundu la kamera, na 200 hivi ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma. Muuzaji atakutajia ile 950. Anayepiga mahafali kutwa nzima kwa skrini ajue mapema kwamba betri moja haimfikishi popote, anunue tatu. Shuka hadi mstari wa video: dakika 29 na sekunde 59. Hotuba ya mgeni rasmi ikivuka hapo, kamera inaacha kurekodi yenyewe, na asiyekuwa na macho kwenye skrini anakosa hitimisho lote. Wengi hudhani ni ubovu wakaipeleka kwa fundi. Chanzo chake ni ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, ambao ulihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 na zaidi kuwa kamera ya video. Dawa ni kukata na kuanza upya watu wanapopiga makofi, karibu na dakika ya 25, au kuweka kamera ya pili.

Panapowapoteza watu zaidi ni flashi. Nguvu yake huandikwa kwa namba ambayo ukiigawanya kwa namba ya uwazi wa lenzi (ile f) unapata umbali ambao mwanga unafika. Brosha ya Canon 600EX-RT inaandika namba ya nguvu 60, ya Nikon SB-910 inaandika 34. Zote ni kwa mita, kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Mnunuzi anaona kama Canon inakaribia kuwa mara mbili. Soma kinyota: ile 60 imepimwa zumu ya flashi ikiwa 200 mm, mwanga umebanwa uwe mwembamba kama wa tochi, ile 34 imepimwa kwa 35 mm, mwanga umetawanyika. Namba hizo hazilinganishiki kabisa. Kwa kazi ya ukumbini, namba ya 35 mm ndiyo yenye faida. Lenzi ikiwa f/4, gawanya 34 kwa 4, unapata mita 8.5, flashi ikitazama mbele kwa nguvu yote. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, umbali unakuwa mara mbili, yaani mita 17. Ukiielekeza darini hesabu inaharibika: njia ya mwanga inarefuka, dari inameza sehemu yake, na kama imepambwa kwa kitambaa cha zambarau, nyuso za maharusi zinarudi na zambarau ile. Hilo brosha hailiandiki.

Kuhusu vumbi, ambalo kwetu kiangazi halina mjadala, usiridhike na mchoro wa brosha unaoonyesha mipira ya kuzibia vumbi lisiingie. Canon imeeleza kwamba baadhi ya lenzi zake, mfano EF 17-40mm f/4L, hazijaziba kikamilifu mpaka zifungwe filta (kioo cha kufunika) mbele. Filta ya lenzi hiyo ni ya kipenyo cha 77 mm. Na kipimo cha filta nacho kiangaliwe kwenye karatasi, si kwa kukisia: EF 24-70mm f/2.8L ya kwanza ni 77, ya pili ni 82.

Karatasi ina mipaka yake, nayo ni mikubwa. Nikon Z9 ilipotoka mwishoni mwa 2021 ilirekodi video ya 8K, yenye upana wa pikseli 8,000 hivi, kwa fremu 30 kwa sekunde. Aprili 2022 programu yake mpya, toleo 2.00, ikaipa fremu 60. Brosha la siku ya uzinduzi haliwezi kujirekebisha. Vivyo hivyo kamera ya Nikon D750 ya 2014: Nikon ilitangaza mwaka uliofuata kwamba shata (pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga) la baadhi ya kamera hizo linaweza kutia kivuli sehemu ya picha, ikaweka utaratibu wa kuangalia kwa namba ya kamera. Habari ya aina hiyo iko mtandaoni tu, na anayenunua D750 lazima aitafute kabla ya kutoa fedha.

Kama muuzaji hana brosha, tafuta faili lake la PDF, nenda steshenari, printi kurasa mbili za mwisho tu: jedwali la vipimo na mchoro wa vifaa vinavyoingiliana. Nenda nazo dukani na kalamu. Soma jina la betri iliyomo ndani ya kamera, kisha la chaja iliyo mezani, kisha fungua mlango wa kadi za kumbukumbu uhesabu nafasi: 5D Mark III ina mbili za aina tofauti, CF na SD, Canon 6D ina moja ya SD. Kila kinacholingana kiwekee alama ya vema. Kisicholingana kizungushie duara, na bei ijadiliwe kuanzia kwenye maduara hayo.