Uliza Fundi: Diski na breki za fito, ipi inashika?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi niko Lushoto, nina baiskeli ya Phoenix ya zamani ya breki za fito (zile zinazovutwa na vyuma badala ya waya), nashuka nayo Mombo na mzigo wa mboga nyuma. Kukiwa kukavu iko poa, ila mvua ikinyesha nabana we, inaenda tu utadhani sijashika kitu. Kuna jamaa anataka kuniuzia foku ya mbele (ule uma unaoshika tairi) ya diski, anasema diski inasimamisha mara mbili ya V-breki. Kweli au napigwa?

JIBU: Salama kaka. Hiyo ya mara mbili unapigwa, angalau kwenye lami kavu. V-breki ya mbele (ile ya mikono miwili inayovutwa na waya na kubana ringi kwa raba) yenye raba nzima kwenye ringi ya alumini inanyanyua tairi la nyuma kwa vidole viwili, sasa hapo diski ikuongezee nini zaidi ya kukurusha juu ya usukani? Watu wanabishana diski na V-breki wakati tofauti kubwa iko kati ya breki ya mbele na ya nyuma. Ukiwa spidi 30, ukitumia vizuri ya mbele unasimama kama mita 7 tangu ishike, ya nyuma peke yake ni kama mita 14, kwa sababu ukibana tu uzito mwingi unakimbilia mbele na tairi la nyuma linabaki kuburuza. Wewe mzigo uko kwenye keria kwa hiyo ya nyuma inakusaidia kidogo kuliko mtu asiye na mzigo, ila na kilo za kusimamisha ni nyingi, usijidanganye.

Kwenye mvua ndo jamaa ana hoja. Ringi yako ni chuma kilichopigwa kromu, inateleza kama kioo, ikilowa raba inapita juu ya maji tu. Alumini nayo inachelewa ila ikizunguka kidogo maji yanafutika inashika. Diski iko juu karibu na habu (pale katikati ya tairi), mbali na madimbwi, na pedi zake ni ngumu zinabana kwa nguvu, maji hayakai hapo. Na kushuka Mombo kote umebana, breki za ringi zinapasha ringi moto mpaka tairi linaweza kupasuka, diski moto wake unabaki kwenye diski (nayo ikizidi inapoteza nguvu, pumzika njiani).

Lakini foku hiyo usinunue. Phoenix yako ni ya tairi 28, foku nyingi za diski mtaani ni za mountain za 26, ringi yako haiingii, na asikudanganye mtu eti atachomelea kishikio cha diski kwenye foku yako ya zamani, ule mguu wa kushoto haukutengenezwa kupokea nguvu hiyo, ukikatika mteremkoni sitaki hata kufikiria. Hela ikipatikana chukua mountain ya mtumba yenye ringi za alumini na V-breki, basi.

Kwa sasa badilisha raba, kaza viungo vya fito vyote maana vikilegea nusu ya nguvu inaishia njiani, futa ringi kwa sabuni isibaki hata tone la oili. Mvua ikinyesha anza kugusagusa breki mapema kabla ya kona ili ringi ijifute. Jamaa aking'ang'ania muulize habu ya diski, kalipa (kile kinachobana diski) na waya vimo kwenye hiyo bei au ni foku tupu.