JIBU: Mafundi umeme wawili, mmoja anataka nusu ya bei ya mwenzake. Nimpe nani kazi?

Mkuu, umesema nyumba imeshapauliwa, plasta bado, na una mafundi umeme wawili. Mmoja kakutajia bei ya kazi nzima kwa mdomo mkiwa mmesimama mlangoni. Wa pili kazunguka chumba kwa chumba, kisha kakuletea karatasi yenye bei karibu mara mbili ya mwenzake. Unauliza umpe yupi, na ukaongeza kama mjomba wako, fundi wa umeme wa magari, anaweza kumalizia ili gharama ipungue. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu nilishasimama hapo ulipo, nikamchukua wa bei ya chini, na kazi ile nikaja kuilipia mara mbili.

Kwangu taa zote ziliwaka siku ya kwanza. Soketi zote zilikuwa na umeme. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, alimaliza kwa siku nne, nikamlipa chote na kumshukuru. Miezi kama minane baadaye mke wangu akaanza kusema mashine ya kufulia inamtekenya akiigusa na mikono yenye maji. Nikampigia fundi. Akanijibu kwamba hiyo ni kawaida ya mashine hizo, mama avae ndala. Tukavaa ndala wiki tatu nzima. Jambo hili linaniuma mpaka leo, maana wakati ule tulikuwa na mtoto anayetambaa kwenye sakafu ileile.

Fundi wa pili alikuwa dada mmoja niliyeelekezwa na jirani. Kabla ya kugusa chochote alichomeka kipimo chake kwenye soketi aliyojua ina umeme, akahakikisha kinasoma, ndipo akaenda kwenye mashine. Baadaye, kila alipozima breka ili afanye kazi, alifanya hivyo tena: anapima penye umeme, anapima pale alipozima, anarudi kupima penye umeme. Nilimuuliza mbona anajirudia. Akasema kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri. Mkuu, kama utamwangalia fundi wako kwa dakika tano tu, angalia hilo. Anayetegemea bisibisi yenye kitaa ndani yake, halafu akashika waya, bado hajajifunza kujilinda yeye mwenyewe.

Maltimita yake, yaani kile kipimo chake cha umeme, ilisoma volti 112 kati ya bodi ya mashine na ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Mimi nikadhani mashine imeharibika. Haikuwa hivyo. Alinieleza kwamba mashine nyingi za siku hizi zina kichujio cha umeme ndani, na kichujio hicho kwa kawaida hupeleka mkondo mdogo sana kwenye bodi ya chuma ili upotelee kwenye waya wa ethi. Ethi ikiwepo, huwezi kuhisi chochote. Ethi isipokuwepo, bodi inabaki na takriban nusu ya volti za nyumba. Mkondo wenyewe ni mdogo, unatekenya tu. Lakini maana yake ni kwamba siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukichubuka ndani ya mashine na kugusa bodi, zitakuwepo volti 230 kamili, na njia pekee ya kwenda ardhini itakuwa ni mwili wa mtu.

Akafungua kisanduku cha breka. Nyaya za kijani na njano kutoka soketi za jikoni na sehemu ya kufulia zilikuwa zimefika vizuri kabisa, zikakatwa, zikakunjwa nyuma ya breka. Hazikufungwa popote. Nje ya nyumba nondo ya ethi ilikuwepo, imechimbiwa, ina waya. Ndani ya soketi waya wa ethi ulikuwepo. Katikati ndipo pasipounganishwa. Mtu yeyote angetazama kwa macho angesema nyumba hii ina ethi.

Ndiyo maana sitakwambia umchague fundi kwa sababu ya bei, wala kwa sababu kazi yake ya jirani inawaka. Taa kuwaka ni kipimo cha waya wa moto na nyutro, ule unaorudisha umeme, tu. Hata vilivyofungwa kinyume vinawaka: swichi ikiwekwa kwenye nyutro badala ya kwenye waya wa moto, taa itawaka na kuzima kama kawaida, ila holda itabaki na umeme hata ukiwa umezima, na wewe utapanda kiti kubadilisha balbu ukiamini uko salama. Ethi mbovu inaweza isionyeshe dalili yoyote mpaka siku ya ajali. Kwa hiyo swali la kuwauliza wote wawili, na jibu ulisikilize kwa makini, ni hili: "Ukimaliza, utapima nini, kwa kifaa gani, na utaniandikia matokeo?"

Fundi anayejua atakutajia mambo haya bila kufikiri sana. Atapima kama waya wa ethi umefika kutoka kila soketi hadi kwenye kisanduku. Atapima ukinzani wa nondo ya ethi ardhini, yaani inauzuia umeme kiasi gani kupita. Atapima ngozi ya nyaya, ile plastiki inayozifunika, kwa kusukuma volti 500 za mkondo mnyoofu, na kwa nyumba ya volti 230 usomaji wa ukinzani haupaswi kushuka chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja. Waya mpya mzuri hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa kipimo hiki atakuambia uchomoe kila kitu nyumbani, kwa sababu volti hizo zinaweza kuua vifaa na pia vifaa vyenyewe vinaharibu usomaji. Na atapima breka ya kuzuia mtu asipigwe shoti, ile yenye kitufe cha T, inachukua milisekunde ngapi kukata.

Hapo kwenye kitufe cha T nikae kidogo, maana watu wengi wanadanganyika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Breka ile hulinganisha mkondo unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Ikiona tofauti ya miliampea 30, yaani kuna umeme unapita njia nyingine, pengine kwenye mwili wa mtu, inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, na uvujaji ukiwa mkubwa mara tano inatakiwa ikate ndani ya 40. Kitufe kinatengeneza tofauti hiyo ndani ya breka yenyewe. Kwa hiyo ukibonyeza ikakata, umejua kwamba breka inafanya kazi, basi. Hujajua chochote kuhusu ethi ya nyumba. Kwangu fundi wa kwanza alinibonyezea kitufe mbele yangu, ikakata "tap!", nami nikaridhika. Endelea kukibonyeza mara kwa mara kama ilivyoandikwa juu ya breka, lakini kisichukue nafasi ya vipimo. Na kama kwenye bei ya mdomo breka hiyo haimo kabisa, tofauti ya bei imeshaanza kujieleza.

Kuna jambo jingine dada yule alilonionyesha ambalo hakuna breka itakayokuokoa nalo. Soketi ya birika la umeme ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja. Skrubu ilikuwa haijakazwa. Chukua mfano wa kiungo kilicholegea kikawa na ukinzani wa nusu omu tu. Birika la kilowati 2 linavuta kama ampea 9. Zidisha 9 kwa 9 kwa nusu: wati 40 za joto, sawa na chuma cha kulehemu redio, zikiwa zimefungiwa kwenye plastiki ndani ya ukuta wako. Breka inaona ampea 9, na ampea 9 ni halali. Haikati. Moto wa namna hii unaanza kimyakimya, baada ya miezi au miaka, na unatokana na fundi kuharakisha skrubu moja. Kwa hiyo usimharakishe fundi. Na ukiona soketi ina joto au harufu ya plastiki, izime siku hiyohiyo.

Kosa la tatu la kwangu nilishiriki mwenyewe. Tulipoweka heta ya kuogea ya kilowati 5, yule fundi wa kwanza aliiunganisha kwenye laini ya soketi. Heta hiyo peke yake inavuta kama ampea 22. Tukiwasha na pasi, breka ya ampea 20 inakata baada ya dakika kadhaa. Nikalalamika, akaja, akaitoa akaweka ya 40, tatizo likaisha nami nikafurahi. Mkuu, breka hailindi heta wala pasi. Inalinda waya ulio ukutani. Waya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya bomba lililofukiwa unabeba takriban ampea 20 na kitu, na ngozi yake ya PVC ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Tulikuwa tunaupitishia ampea 31, za heta na pasi pamoja, kila asubuhi chini ya breka inayosubiri 40. Fundi wa pili alipoukata waya ule, ngozi ilikuwa imekakamaa, inavunjika kama ganda la yai. Heta ilitakiwa iwe na laini yake kutoka kwenye kisanduku, waya wa milimita za mraba 6, breka yake yenyewe. Fundi yeyote akikwambia suluhisho la breka inayokata ni breka kubwa zaidi, bila kuangalia unene wa waya, muage kwa heshima.

Sasa kuhusu hao wawili wako. Usiwalinganishe bei kabla ya kuwapa kazi moja. Rudi kwa yule wa bei ya mdomo, umwambie aandike: pointi ngapi (za taa, swichi na soketi), waya wa unene gani kwa taa, kwa soketi, kwa jiko na heta, laini ngapi za kujitegemea, breka gani, ethi imo au haimo, vipimo vimo au havimo. Nilipofanya hivi mara ya pili kwa mafundi watatu, bei zilisogeleana sana. Pengine na huyu wako atapandisha, na hapo utagundua hakuwa na bei rahisi, alikuwa na kazi pungufu. Akikataa kuandika, umeshapata jibu.

Leseni iulize, iangalie jina na picha, na uthibitishe kwa mamlaka inayoitoa, si kwa kuitazama tu. Kisha uliza nani hasa atakayefunga nyaya. Mara nyingi mwenye leseni huja siku ya makubaliano na siku ya malipo, katikati wanakuja vijana wake. Vijana si vibaya, wote huanzia hapo, ila mwenye leseni awepo wakati wa kufunga kisanduku na wakati wa kupima. Hilo liandikwe.

Waya kama unanunua wewe, kata ncha ya kila roli kabla hujatoka dukani. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Uzito nao unasema, roli ya alumini ni nyepesi mkononi.

Kwa malipo, gawa. Mimi mara ya pili nilitoa sehemu baada ya mabomba, sehemu baada ya nyaya kupita, na fungu la mwisho, kubwa kiasi cha kuuma, likasubiri karatasi ya vipimo na kisanduku chenye majina kwenye kila breka. Hakukuwa na ugomvi, kwa sababu tulikubaliana mapema. Na kwa kuwa plasta yako bado, piga picha kila ukuta mabomba yakishalazwa, ukiwa umeweka futi kamba ionekane kwenye picha. Siku ya kutoboa ukuta kutundika kabati utajua waya unapita wapi.

Mjomba wako: usimwachie kuunganisha. Simdharau, umeme wa gari una mambo yake magumu, lakini gari la kawaida ni volti 12, mtu hushika nyaya zote mbili na hasikii kitu. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia hofu, mkono uliozoea volti 12 hausiti. Kazi ipo ya kumpa, na ni nyingi: kutindua kuta, kulaza mabomba, kuweka masanduku ya soketi kwa usawa mmoja, kuvuta nyaya umeme ukiwa haujafika kabisa nyumbani. Mwombe yule fundi wa karatasi akubali afanye hayo chini yake na apunguze bei kwa kiasi hicho. Wangu alikubali ndugu yangu atindue, akatuchorea mistari kwa chaki, na akarudi kukagua kila bomba kabla ya waya wa kwanza kupita.